Fahali Makengeza Ajifunza Kunong'ona

Jumanne asubuhi Everlides Polo aliweka birika la kahawa mezani, akakaa kwenye kiti chake cha kubembea, akamwambia mumewe neno ambalo bila shaka alikuwa amelitafuna kwa miaka.

"Ubaldo, Jumapili tunatimiza miaka hamsini ya ndoa."

"Najua, mama watoto. Nimekwisha waambia watu wote."

"Sitaki pete. Sitaki gauni. Sitaki lile keki la ghorofa ambalo Nelcy analitangaza mtaa mzima. Nataka bolero letu, lile la kucheza taratibu harusini, lipigwe hapa sebuleni, mchana, kwa sauti ndogo."

"Litapigwa, mke wangu. Hilo tu?"

"Sijamaliza. Nimesema sauti ndogo. Ndogo ya mimi kuongea na mgeni wangu bila kupayuka kama muuza samaki. Likishindikana hilo, Jumatatu Fahali anaondoka nyumbani kwangu. Nimeshaongea na mpwa wako Delimiro. Ana banda kule Malambo, nje ya mji, ana lori, na anamtaka."

Mzee Ubaldo Cantillo alikuwa na kikombe njiani kuelekea mdomoni. Kikombe kikabaki hapohapo hewani.

Binti yao Dubis alikuwa pembeni, kwenye meza yake ya ufundi iliyo dirishani, anafungua feni ya jirani. Akanyanyua kichwa. Mama yake alikuwa mtu wa maneno mengi, na maneno yake mengi hupita na upepo. Lakini akishuka sauti namna ile, akaanza kutaja mtu na lori, basi ujue yamekwisha.

Sasa huyu Fahali si ng'ombe. Ni mashine ya muziki, zile ambazo hapa mjini Barranquilla tunaziita pikó: spika mbili kila moja kubwa kama kabati la nguo, katikati meza ya santuri, na chini yake amplifaya nzito ya kuhitaji wanaume wawili. Mbele ya spika hupakwa picha kwa rangi kali za kupigana, na kila mashine ina jina. Hii ilikusudiwa kuitwa Fahali Mkali. Ila mchoraji siku ile alianza kunywa tangu asubuhi, na alipomaliza, macho yote mawili ya fahali yalikuwa yanaangalia pua. Watu wa mtaa wetu wa Rebolo walicheka wiki nzima, halafu wakaja kucheza. Jina likabaki Fahali Makengeza, na mwaka sitini na nane Fahali Makengeza alizinyamazisha mashine tatu kubwa kwenye karnivali moja. Mzee Ubaldo husimulia habari hiyo hata kwa mtu aliyekuja kuulizia njia tu.

Mzee aliweka kikombe chini. "Dubis, washa. Mama yako asikie sasa hivi, tumalize maneno."

Dubis alifuta mikono, akawasha, akaweka santuri ya bolero, akashusha sindano taratibu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kwenye nyumba ile: akazungusha kitufe cha sauti kurudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka karibu na mwisho.

Lo! Kilichotoka mle kilikuwa aibu tupu. Mwimbaji alikuwa anakwaruza, kila neno limemong'onyoka kingo, gitaa linakatikakatika, na kinanda kinakohoa.

"Huyo anaimba au anatafuna mifupa?" Everlides akauliza.

"Sindano," mzee akasema haraka. "Ina vumbi."

Dubis akasafisha sindano. Mifupa ikaendelea kutafunwa. Akafungua sauti juu, na papo hapo Fahali akarudi kuwa Fahali: bolero likanguruma safi, dirisha likatikisika, mbwa wa jirani akaanza kulia. Akapunguza tena, na mifupa ikarudi palepale.

"Jumatatu," Everlides akasema, akaenda zake jikoni.

Utashangaa kwamba hakuna aliyekuwa ameliona tatizo hilo. Mimi sishangai. Kwetu mashine hujaribiwa kwa namna moja tu: unaifungulia mpaka vyombo vya jirani vicheze kabatini. Jirani akija kulalamika, mashine ni nzima. Fundi gani wa pikó angekaa ajaribu amplifaya kwa kunong'ona? Wangemcheka mpaka ahame mtaa.

Mzee alijisogeza mpaka mezani kwa Dubis, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie kweli. Anatengenezeka?"

Dubis alimtazama baba yake. Miaka sabini na mbili, mashati yaleyale ya maua, na macho ambayo asubuhi ile yalikuwa yamelowa bila yeye kutaka. Mashine nyingine zote alikwisha ziuza, marafiki wa enzi zile wengi wako makaburini. Alibaki na Fahali, na kila Jumapili alasiri hufungua mlango wa mbele, huweka zile santuri za Kongo ambazo hakuna hapa anayejua hata neno lake moja lakini wote tunaziimba, na mtaa mzima huja kumwamkia. Fahali akienda Malambo, mzee atakaa kwenye kiti akitazama ukuta. Dubis aliliona hilo waziwazi, likamchoma.

"Anatengenezeka, baba," akasema.

Hakumwambia kwamba mtu wa mwisho kuingiza mkono ndani ya amplifaya ile alikuwa ni yeye.

*

Amplifaya iliundwa na Filemón, mdogo wake mzee Ubaldo, na Filemón alikuwa mtu wa siri. Enzi zile wapinzani walikuwa wakija kujifanya wateja, wanaulizia bei ya redio huku macho yanapekua mashine. Filemón akaona isiwe tabu. Alichukua msasa, akasugua kichwa cha kila transista, kile kijichuma cha kukuza sauti, mpaka namba zote zikafutika, chuma kikabaki kinang'aa kitupu. Mtu akifungua haambulii kitu. Ndani ya kifuniko, kwa penseli, aliandika vipimo vya volti vya kila mahali, ili akija kutengeneza ajue mashine yake inatakiwa isome nini. Alipofariki miaka minne iliyopita, namba zile za penseli zikawa ndizo wasia wake. Mzee Ubaldo huwaonyesha wageni, na huvua kofia kwanza.

Karnivali iliyopita transista moja kati ya zile mbili kubwa za mwisho, zinazosukuma spika, iliungua. Dubis alikwenda nayo dukani kama mtu aliyebeba kiatu kimoja kutafuta mwenzake. Namba haikuwepo, imesuguliwa. Muuzaji akaangalia umbo, akapima matundu ya skrubu, akampa mbili mpya zilizofanana kwa kila kitu. Dubis akafunga zote mbili, akapima volti kwenye mguu wa beizi, ule unaoiamsha transista, akalinganisha na penseli ya ami yake. Penseli ilisema: beizi, sifuri nukta mbili. Mita yake nayo ikasema nukta mbili. Akawasha, akafungulia, vyombo vya jirani vikacheza. Mtaa ukapiga makofi. Siku ile Dubis alijiona fundi kamili kwa mara ya kwanza, yeye aliyesomea redio kwa njia ya posta, vijitabu arobaini, mwanamke pekee katika orodha ya wanafunzi.

Basi Jumanne hiyo na Jumatano nzima alihangaika. Alibadilisha kichwa cha sindano. Alijaribu spika nyingine. Alichomoa kapasita moja moja, akazipima, akazirudisha. Mama yake akipita na ufagio anasema, "Usijichoshe, mwanangu, Delimiro ameshapasafisha banda." Na baba yake kila nusu saa: "Namba za Filemón ziko sawa?"

"Ziko sawa, baba. Nukta mbili, kamili."

"Basi si hapo. Tafuta kwingine."

Alhamisi baada ya chakula Dubis alichukua vijitabu vya kozi, akalala navyo kwenye machela ya kamba uani. Alikuwa anajua kilichoandikwa humo, alikisoma zamani: transista haifanyi kazi mpaka beizi yake izidi mguu wa pili, emita, kwa kama nukta sita. Alipokisoma mara ya kwanza aliona kabisa kwamba ni tofauti na penseli ya ami. Alifanyaje? Alicheka! Alisema ami Filemón aliwazidi mpaka walimu, amewezesha kwa mbili kitu ambacho wao wanakihitajia sita. Ndivyo tulivyo na wakubwa wetu, kosa tunaliona kwenye kitabu kwanza.

Mara hii hakucheka. Alikaa akaning'iniza miguu.

Aliinuka akatafuta kopo la biskuti ambamo huweka vitu vilivyostaafu. Humo ilikuwemo ile transista nyingine ya zamani, iliyokuwa haijaungua, aliyoitoa ili ziwe jozi. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kwa msasa wa Filemón. Akachukua betri ya tochi na rezista moja, kidude cha kupunguza umeme, akapitisha umeme kidogo kutoka emita hadi beizi, akaweka mita kati ya miguu hiyo miwili. Sindano ya mita ikasogea kidogo tu, ikatulia kwenye nukta mbili.

Akaipima transista mpya, ya aina ileile aliyoifunga ndani ya Fahali, ambayo alikuwa amenunua ya akiba. Betri ileile, rezista ileile. Sindano ikapita nukta mbili bila hata kuitazama, ikasimama kwenye nukta sita na kidogo.

"Haki ya Mungu," Dubis akasema peke yake pale uani.

Zilikuwa za madini mawili tofauti. Za ami zilikuwa za jemaniamu, zile za zamani ambazo hakuna anayezitengeneza tena. Mpya zilikuwa za silikoni. Umbo moja, matundu yaleyale ya skrubu, lakini ndani ni watu wa makabila mawili. Na yeye alikuwa amezilisha mpya chakula cha wafu, akasifiwa na mtaa mzima.

Alicheka, kisha akaona aibu, kisha akacheka tena. Halafu akakumbuka kwamba kumjua mgonjwa ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni baba yake.

*

"Namba ya Filemón haiguswi," mzee Ubaldo alisema Ijumaa, hata kabla hajaelewa.

"Baba, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Umesema unataka kubadilisha namba ya Filemón. Mtu aliyezinyamazisha mashine tatu! Wewe umenyamazisha mashine ngapi?"

"Moja. Hii hapa."

Mzee akamgeukia Fahali.

"Ni mimi, baba," Dubis akasema. "Fahali sikumtengeneza karnivali, nilimharibu. Nilimwekea transista za aina nyingine nikampimia namba za zile za kwanza. Hakuna aliyejua kwa sababu tunampiga kwa kelele. Lakini ni mimi."

Alidhani baba atapandisha. Mzee alivuta tu kigoda akakaa. "Hebu nieleze polepole. Mimi najua kununua santuri, kubeba spika na kugombana na polisi. Humo ndani ni mambo ya Filemón."

Dubis alichukua zile mbili, ya zamani na mpya, akaziweka kwenye kiganja cha baba yake.

"Mle ndani zimo mbili, zinafanya kazi kwa zamu. Sauti ina kwenda na kurudi, si ndiyo? Mmoja anashughulika na kwenda, mwingine na kurudi. Sasa huyu wa zamu ya pili asipokuwa macho wakati mwenzake anamaliza, pale katikati panakuwa hapana mtu. Hiyo ndiyo mifupa anayoisikia mama."

"Ehe."

"Volti ya beizi ndiyo inayowaamsha. Si kuwaamsha kabisa, maana wakiwa macho kabisa bila kazi wataungua. Ni kuwaweka nusu macho, kama mama mwenye mtoto mchanga. Wale wa ami Filemón walikuwa na usingizi mwepesi, ukiwagusa kwa nukta mbili wako tayari. Hawa wangu wana usingizi wa kufa, baba. Nukta mbili hawaisikii hata kidogo."

"Sasa mbona ukifungulia sana wanafanya kazi?"

"Kwa kelele ile nani asiyeamka? Muziki wenyewe unawatoa kitandani. Wanachelewa kidogo tu, na kwa kelele hiyo hakuna anayesikia kwamba wamechelewa."

Mzee alicheka bila kupenda. "Kama wewe na shule."

"Kama mimi na shule."

"Na Filemón kwa nini hakuandika kwamba zake ni za usingizi mwepesi?"

"Alikuwa anawaficha wapinzani."

"Akatuficha na sisi." Mzee aliigeuza transista ya ndugu yake vidoleni, akakisugua kile kichwa kitupu kwa dole gumba. "Alikuwa hivyohivyo tangu utotoni. Alikuwa anaficha mpira, halafu anasahau alipouficha, tunakosa wote. Unataka uwaamshe kwa ngapi?"

"Nukta sita, takriban."

"Mara tatu!"

"Mara tatu, baba."

"Ukiwachoma?"

"Nikiwachoma, Fahali anaondoka Jumatatu akiwa bubu. Nikiwaacha hivi, anaondoka Jumatatu akitafuna mifupa. Sema wewe."

Mzee akajikuna shingo. "Sharti moja," akasema. "Mimi nashika plagi."

*

Jumamosi alasiri Everlides alikwenda kutengenezwa nywele kwa kumadre wake, shoga yake wa ubatizoni, kule ambako mtu hukaa kwa muda wa saa nne na kurudi na habari za mji mzima. Dubis akafungua Fahali sakafuni. Akakata rezista moja iliyowekwa na ami yake, mahali pake akachomelea rezista ya kuzungusha, ili apandishe volti kidogo kidogo kwa bisibisi. Kwenye njia ya umeme aliunganisha balbu ya wati mia: kama kitu ndani kinataka kuungua, balbu huwaka kali na kubeba balaa, mashine ikapona. Baba yake alipiga magoti ukutani, mkono kwenye plagi, uso kama wa mtu anayesubiri daktari.

"Nukta mbili," Dubis akasema. "Weka bolero."

"Nitawekaje na mimi nimeshika plagi?"

Dubis akaweka mwenyewe. Sauti ndogo, na mifupa ileile.

Akazungusha bisibisi. "Nukta tatu." Mifupa. "Nukta nne." Mifupa, ingawa labda ya kuku sasa. Balbu ilikuwa imefifia salama.

"Inanuka," mzee akasema.

"Ni vumbi, baba. Tulia."

"Mimi nasikia harufu."

"Nukta tano."

Hapo mwimbaji alianza kumeza vizuri. Bado palikuwa na kikwaruzo mwisho wa kila neno, lakini gitaa lilikuwa limeanza kuungana. Mkono mmoja wa Dubis ulikuwa kwenye bisibisi, mwingine juu ya bati la kupoza transista, akisikiliza kwa kiganja. Lilikuwa vuguvugu. Akazungusha kidogo mno, mpaka mita ikasema nukta tano na nusu, halafu kidogo tena, nukta sita.

Kikwaruzo kiliondoka bila hata kuaga. Kilikuwepo, halafu hakikuwepo, na sebuleni akawa amesimama mwanamume anayeimba taratibu, unamsikia anavuta pumzi kati ya mistari. Nyuma yake kulikuwa na mtu anatikisa maraka za kibuyu kwa upole sana. Miaka yote wamepiga santuri ile, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujua kwamba ina maraka.

Mzee Ubaldo aliiachia plagi. "Huyo alikuwa wapi?" akauliza.

"Alikuwa humohumo."

"Mwanangu wee." Akaja kwa magoti mpaka pale alipokaa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu katikati ya nywele. Akasema, "Filemón angekuonea wivu, mpumbavu yule."

Dubis alifurahi, wala si uongo. Makofi yote ya mtaa siku ya karnivali hayakufika hapo.

*

Jumapili walirudi kutoka misa saa tano, na jua la Machi lilikuwa halina mchezo. Watu thelathini sebuleni na uani, sufuria kubwa ya mbaazi na nyama ya chumvi inatokota, bolo, yale mabonge ya muhogo uliopondwa, zimepangwa kwenye majani, Nelcy na keki lake la ghorofa alilolileta hata hivyo. Delimiro naye alifika, mnene, mwenye adabu, lori lake ameliegesha mlangoni kabisa, nyuma wazi.

"Shikamoo anko," akamwambia mzee. "Shangazi amesema nije na kamba."

"Umeleta kamba?"

"Mbili."

"Nenda kale, Delimiro."

Dubis alikuwa amemwasha Fahali mapema ili apate joto. Akaweka kiganja kwenye bati, akakiondoa upesi. Lilikuwa linachoma. Akapima: nukta sita, ileile aliyoiacha jana. Namba ni ileile, joto limezidi. Jana palikuwa na upepo na watu wawili, leo jua, jiko na watu thelathini wanapumua. Transista ikipata joto usingizi wake unapungua, na kichocheo cha jana kwake leo ni kikubwa mno, kitamwamsha mpaka aungue. Angekuwa Dubis wa karnivali angeamini namba, akafunga kifuniko, akaenda kula. Alichukua bisibisi, akashusha mpaka nukta tano na nusu na kidogo, akangoja, akagusa tena. Bati likaanza kupoa. Akaegesha feni ya jirani pembeni, ambayo ilikuwa bado haijarudishwa kwa mwenyewe, na jirani mwenyewe alikuwepo akiitazama.

"Ile si feni yangu?"

"Inafanyiwa majaribio, bibi Osiris."

Everlides alikaa kwenye kiti chake cha kubembea, nywele juu, gauni la bluu ambalo alisema hataki na amelivaa. Akapunga leso. "Haya. Nasikiliza."

Watu wakanyamaza kwa adabu, ukimya wa watu wanaosubiri kuona nani anashindwa. Mzee alishusha sindano mwenyewe. Dubis akaweka kitufe cha sauti chini kabisa, pale palipokuwa pabaya siku ya Jumanne.

Bolero likaanza. Lilitoka ndani ya yale makabati mawili makubwa, chini ya macho ya fahali yanayoangalia pua, laini, kila neno lina mwanzo na mwisho. Kijiko kilianguka uani na wote wakakisikia. Everlides alimgeukia kumadre wake, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Umeona wanavyoweka bizari nyingi siku hizi kwenye mbaazi?" Kumadre akamjibu. Wakazungumza sentensi mbili, tatu. Hakuna aliyepayuka. Dubis alikuwa amesimama na kiganja kwenye bati.

Kisha Everlides akakatisha neno, akainua kidole.

"Ngoja. Nani huyo?"

"Ndiye mwimbaji, mama," Dubis akasema.

"Mwimbaji namsikia. Mwingine. Kuna mwingine."

Sasa wote walimsikia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya puani, inayotangulia muziki kidogo na kupotea kwenye noti za juu. Mzee Ubaldo alikuwa amesimama mahali anaposimama siku zote, ubavuni mwa Fahali, mkono juu ya kabati, amefumba macho, anaimba. Alipohisi ukimya alifumbua, akakuta watu thelathini wanamtazama.

"Ni wewe?" Everlides akauliza.

"Samahani. Nimezoea."

"Umezoea nini?"

"Kuimba. Likipigwa hili huwa naimba." Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nakuimbia wewe. Siku zote."

"Tangu lini?"

"Tangu harusini."

"Harusini sikusikia kitu."

"Palikuwa na bendi, Everlides. Tarumbeta nne. Halafu zikaja mashine."

Everlides midomo ilikuwa inamcheza, na Dubis, aliyemjua mama yake miaka thelathini na sita, hakuweza kusema kama inaelekea kicheko au kilio. Mama aliinuka kwenye kiti, akapita katikati ya watu, akafika mbele ya mumewe, akamtengeneza kola ya shati ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Delimiro," akasema bila kugeuka, "ukimaliza kula, rudi na lori lako tupu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe," akamwambia mzee, "unaimba vibaya sana."

"Najua."

"Vibaya mno, Ubaldo. Miaka hamsini." Akaweka sikio lake shavuni kwa mumewe. "Anza tena."